Nilivyomkabidhi Barry White Wimbo wa Mwenziwe Mbele ya Baba Mkwe

Naandika haya mapema kwa sababu shemeji yangu amekwisha kusambaza masimulizi yake kwenye kundi la familia, na humo ameongeza kwamba nililia. Sikulia, ulikuwa moshi wa mishikaki.

Jumamosi iliyopita wakwe zangu walitimiza miaka 40 ya ndoa, nami kwa kiherehere changu nikajitolea kuwa mshereheshaji na mpiga muziki kwa pamoja. Nyimbo zangu za soul nilizipakua zamani kutoka intaneti, majina ya waimbaji yakiwa yameandikwa na watu nisiowajua, nami nikayaamini kama cheti cha kuzaliwa. Ilipofika zamu ya wazee kucheza, niliishusha sauti hadi ikakwaruza, nikatangaza: "Kwa heshima ya baba na mama, wimbo unaofanana na mapenzi yao, 'Me and Mrs. Jones', wake gwiji Barry White!"

Baba mkwe hakucheza. Alisimama taratibu, akaingia ndani, nami (mnaonifahamu mmekwisha kukisia) nikadhani ameguswa moyo na amekwenda kuniletea bahasha. Alirudi na santuri. Aliipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akaivaa miwani yake, akanikabidhi jalada, kisha akanisogezea mikrofoni kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Muziki ulikuwa umezimwa, sijui na nani, na kilichosikika ni jenereta la jirani tu.

"Soma jina, mwanangu."

"Billy Paul."

"Mwaka?"

"1972, baba."

"Barry White alipata jina kama mwimbaji mwaka uliofuata, kwa wimbo wake mwenyewe. Na maneno ya huu umewahi kuyasikiliza?"

Sikuwahi. Basi akanifafanulia, neno kwa neno, mchungaji akiwa meza ya mbele: ni mwanamume na mke wa mtu, wanaokutana kila siku mkahawani saa kumi na mbili na nusu, hali wanajua fika kwamba wanakosea. Mama mkwe alijifunika uso kwa kitenge, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Mwenye akili angeomba radhi akakaa. Mimi nikaona nijiokoe kwa kuonyesha kwamba soul naijua, nikaahidi kufidia kwa 'When a Man Loves a Woman' ya Michael Bolton. Mzee aliivua miwani.

"Ya Percy Sledge," akasema kwa upole uliouma kuliko kofi. "1966. Huyo Bolton wako aliirudia tu, mwaka 1991."

Yaliyobaki ni mafupi: keki ilikatwa, shemeji akapokea mikrofoni, nami nikaelekezwa nyuma ya nyumba kwenda kugeuza mishikaki, na huko ndiko moshi ulikonikuta.