Baharia anasomeshwa kuzima moto, na aliyejaza kontena je?

Hapa Nairobi ukitaja meli watu wanakwambia hizo ni stori za Mombasa. Si kweli hata kidogo, manake petroli na dizeli inayotembeza matatu zote za Jogoo Road ilikuja na tanka, yaani meli ya kubeba mafuta, ikashushwa Kipevu kule bandari ya Mombasa, ikasukumwa kwa bomba karibu kilomita 450 mpaka Industrial Area, na gesi ya kupikia pia imekuja na meli, na yale makontena yanashuka na SGR pale ICD Embakasi, ile bandari ya nchi kavu, ndani yake kuna rangi, dawa za wadudu, klorini, pafyumu na siku hizi betri za lithiamu za boda za umeme. Yote hayo kwa lugha ya bandari ni mizigo hatari, na kuna mtu amelala nayo juu ya maji wiki nzima kabla hujaipata dukani.

Sasa kuna ubishi umekuwa mwingi kwa vijana wanaotafuta kazi ya meli na wazazi wanaowalipia karo. Wengine wanasema hizi kozi za usalama na kuzuia uchafuzi wa bahari zimegeuka biashara ya vyeti, mtu analipa pesa nyingi anapewa karatasi na kazi hakuna. Wengine wanasema ziongezwe na zikazwe zaidi kwa sababu mzigo wenyewe unazidi kuwa mbaya. Mimi naona pande zote mbili zina ukweli, lakini zote zinamwangalia mtu mmoja tu, baharia, na hapo ndio shida yangu inaanzia.

Tuanze na wanaolalamika. Sheria ya dunia ya mafunzo ya mabaharia ni STCW, ilipitishwa 1978 ikafanyiwa marekebisho makubwa 1995 na tena 2010 kule Manila. Kila baharia lazima apite kozi za msingi, kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na usalama wake binafsi, na ile ya majini na ya moto kila miaka 5 lazima aonyeshe bado anaiweza. Akitaka tanka kuna kozi nyingine ya msingi juu yake, ya mafuta na kemikali kando, ya gesi kando. Alafu kwa maofisa na wale wote wanaosimamia upakiaji na upakuaji wenyewe kuna ya juu, na hii ya juu ndio ina fundo, manake huipati kwa kukaa darasani peke yake, unatakiwa uwe umefanya kazi angalau miezi 3 kwenye tanka, au mwezi 1 ukiwa mtu wa ziada wa kujifunza na ndani ya huo mwezi uwe umeshuhudia kupakia mara 3 na kupakua mara 3.

Sasa mwambie kijana wa mtaa wa Umoja apate wapi hiyo tanka. Mpwa wangu yuko hapo hapo, cheti cha msingi anacho, familia ilichanga, cheti kiko kwa bahasha na kila kampuni anayoandikia inamuuliza ameshafanya tanka gani. Bila tanka hakuna ujuzi na bila ujuzi hakuna tanka. Na ukishakaa hivyo mwaka mzima ndio mabroka wa mjini wanakupata, wanakwambia lete kiasi fulani ya kushikiwa nafasi, na ningependa kila mzazi ajue kwamba mkataba wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia, unakataza baharia kutozwa pesa ili apate kazi, anayelipa ni mwenye meli, baharia analipia tu cheti cha daktari, kitabu cha baharia na pasipoti na vitu kama hivyo. Mtu akikuomba pesa ya nafasi ya meli, ondoka.

Kwa hivyo hasira ya hawa watu naielewa vizuri. Lakini wakiendelea mpaka waseme kozi zenyewe hazina kazi, hapo sikubaliani nao kabisa, na sababu yangu kubwa ni kitu kinaitwa chumba kilichofungwa.

Hewa ya kawaida ina oksijeni kama asilimia 21. Ndani ya tangi tupu la meli, au kwenye vyumba vya pembeni vya maji, kutu peke yake inaweza kula hiyo oksijeni mpaka mtu akiingia hamalizi ngazi, na huwezi kuona wala kunusa chochote. Kama tangi lilikuwa na mafuta ghafi kuna gesi ya salfa ambayo ikiwa kidogo inanuka kama yai bovu na ikiwa nyingi inaua pua kwanza, unadhani imeisha kumbe ndio imekolea. Mabaharia wamekuwa wakifa hivi miaka nenda rudi na karibu kila mara ni kwa mtindo mmoja, wa kwanza anaanguka, wa pili anamwona rafiki yake chini anaruka kumtoa, wa tatu anamfuata. Moyo wa binadamu unakwambia ingia. Kozi ndio inakufundisha kusimama mlangoni, kupiga kengele, kungoja kifaa cha kupumulia na mita ya gesi, na kusimama hivyo wakati mwenzako amelala pale chini ni kitu lazima mwili uwe umekizoea, hakiji chenyewe. Ndio maana tangu Januari 2015 mabaharia wenye kazi ya kuingia au kuokoa mtu humo lazima wafanye drili yake kila miezi 2. Anayesema hayo ni makaratasi hajafikiria.

Kwa uchafuzi pia ni hivyo hivyo. MARPOL, ule mkataba wa 1973 uliorekebishwa 1978, unasema maji machafu ya chumba cha injini yakimwagwa baharini mafuta ndani yake yasizidi sehemu 15 kwa milioni, na kuna mashine ya kuyachuja na kitabu cha kuandika kila ulichofanya. Mwaka 2013 injinia mpya kwenye meli ya utalii ya Caribbean Princess aliona bomba la siri limeunganishwa kuikwepa ile mashine, mafuta yanaenda baharini moja kwa moja. Akaacha kazi meli ilipofika Uingereza na akaripoti, na Desemba 2016 kampuni ya Princess ikakubali makosa na faini ya dola milioni 40 huko Marekani. Haikuwa tanka, lakini somo ni lile lile. Mgeni ndani ya chumba cha injini alijua bomba gani halifai kuwa pale, na kujua kwake kulitoka kwa mafunzo. Ila angalia pia upande wa pili wa hiyo hiyo stori: walioliweka lile bomba nao walikuwa na vyeti, tena vikubwa kuliko vyake. Kozi inakupa kujua, haikupi bosi mwenye haki wala mshahara ambao hauogopi kuupoteza, na hii ndio sehemu wale wa kaza-kaza hawapendi kuigusa.

Kwao kila ajali jibu ni kozi mpya. Meli imeungua, ongeza kozi. Meli zinaanza kutumia gesi na methanoli badala ya mafuta mazito, ongeza kozi, na hiyo kweli inahitajika. Lakini chukua meli ya X-Press Pearl. Mei 2021 ilikuwa imebeba makontena 1,486, mengine yakiwa na tindikali ya nitriki tani 25, na kontena moja likaanza kuvuja. Mabaharia waliliona mapema wakiwa bado safarini. Bandari ya Hamad kule Qatar ikaombwa ilishushe, haikulishusha, Hazira ya India nayo vile vile, meli ikaendelea mpaka nje ya Colombo na tarehe 20 Mei moto ukazuka, ikaungua siku nyingi na mwishowe ikazama. Chembe za plastiki za kama tani 1,680 zikamwagika na kufunika fukwe za Sri Lanka, wavuvi wakaambiwa wasiende baharini. Baharia hapo ungemfundisha nini zaidi? Kuona alikuwa ameona. Mzigo ulifungwa nchi kavu na watu wa nchi kavu, na waliokataa kuupokea pia walikuwa nchi kavu.

Au meli ya makontena ya Maersk Honam, Machi 2018, Bahari ya Arabu, mabaharia 5 wakafa. Moto ulianza kwenye sehemu ya mbele iliyokuwa na kemikali ya kusafisha maji, ya jamii ya klorini, ambayo iliruhusiwa kupangwa mle ndani kwa kanuni za wakati ule, na baada ya hapo ndio kampuni yenyewe ikabadilisha inapopanga mizigo hatari. Na kuna ukaguzi wa National Cargo Bureau ya Marekani uliotolewa 2020, walifungua makontena 500 na asilimia 55 yakakutwa na kasoro, mzigo haujafungwa vizuri, alama hazipo, au kilichoandikwa sicho kilichomo. Zaidi ya nusu! Baharia hafungui kontena, anapewa orodha, na akili yote ya kuzima moto inategemea hiyo orodha, manake kuna kemikali ukiimwagia maji inazima na kuna nyingine kama kalsiamu kabaidi ukiimwagia maji inatoa gesi ya kulipuka.

Hapa ndio Nairobi inaingia, na hapa ndio mimi nakasirika kidogo. Ile kanuni ya mizigo hatari ya makontena, IMDG, tangu 2010 inalazimisha watu wa nchi kavu nao wafundishwe, anayepanga aina ya mzigo, anayefunga, anayebandika alama, anayeandika fomu, anayepokea, anayepakia. Kwa sheria wako sawa na baharia. Lakini wakati mpwa wangu ana cheti na hana meli, ni wangapi kwenye godauni za Mombasa Road wanaogusa hizi bidhaa kila siku wameshawahi kuambiwa tofauti ya jamii ya 3, vimiminika vinavyowaka, na jamii ya 8, vitu vinavyobabua kama tindikali? Fikiria biashara ya Nyamakima na Kamukunji, watu ishirini wanachangia kontena moja kutoka China, mmoja ana viatu, mwingine pafyumu, mwingine betri, na fomu inaandikwa bidhaa mchanganyiko. Hakuna mtu ana nia mbaya hapo. Ukisema ukweli kwamba kuna betri unaongezewa gharama, kontena linawekewa masharti, mzigo unachelewa, na mwenye viatu anakulaumu. Kwa hivyo mtu ananyamaza, na kimya chake kinasafiri mpaka chini ya miguu ya baharia ambaye hamjui.

Na hatari ya kutojua hatuhitaji kufundishwa na mtu wa nje. Septemba 2011 petroli ilivuja ikaingia kwa mtaro pale mtaa wa Sinai hapa Nairobi, watu wakaenda kuchota, zaidi ya mia moja wakafa. Februari 2024 gesi ikalipuka Embakasi usiku.

Najua wafanyabiashara watasema nini, na wana haki ya kusema. Kila mwaka kuna leseni mpya, kibali kipya, na mafunzo ya lazima kwa nchi hii huwa yanageuka mlango mwingine wa kulipia, tena yule mwenye katoni tatu ndio anaumia kuliko mwenye makontena thelathini. Ndio maana nisingependa mwenye katoni tatu apelekwe darasani. Yeye aambiwe jambo moja tu, useme kilichomo. Kozi impate konsolideta anayekusanya mzigo, ajenti wa kliaringi anayesaini fomu, na vijana wa godauni wanaofungua kontena, na hawa wa mwisho walipiwe na mwajiri. Na ile gharama ya kusema ukweli iangaliwe pia, kwa sababu ukimfundisha mtu vizuri alafu umwache sokoni ambako mwongo analipa kidogo, unajua atafanya nini.

Kwa upande wa mabaharia, mimi nisingeongeza kozi hata moja kabla hatujatafuta nafasi za vijana kwenye tanka zenyewe. Na nafasi zipo. Tangu 2023 mafuta yetu yanakuja kwa mpango wa serikali kwa serikali na kampuni za mafuta za Ghuba, Saudi Aramco, ADNOC na ENOC, tanka zinapishana Kipevu, ambako gati jipya lililofunguliwa 2022 lina sehemu 4 za kufungia meli. Kwa nini mkataba kama huo usiwe na kipengele cha kuchukua vijana wawili wa Kenya kila meli kama watu wa kujifunza? Watapinga, watasema meli ni za kukodi, vitanda vichache, bima itapanda na hiyo bei itarudi kwa lita ya petroli. Inaweza kurudi kidogo, ndio. Kutoka Ghuba mpaka Mombasa ni wiki moja na kitu, kwa hivyo ule mwezi 1 hautoshi kupakia mara 3 na kupakua mara 3 kwa njia hii, waombewe ile miezi 3 kamili, na KMA, mamlaka ya Kenya ya mambo ya bahari, ndio wa kwenda nayo kwa Wizara ya Kawi kabla mkataba haujaongezwa tena.