Daftari la Mzee wa Siasa: Lifunguliwe Lini?

Kiongozi mstaafu akifariki Lamu, jamaa huulizana kwanza kuhusu nyumba na shamba la minazi. Daftari zake hukaa sandukuni. Humo mna ambayo hakuyasema jukwaani: aliyoyaona katika vita vya Mashifta (waasi waliotaka kaskazini-mashariki mwa Kenya iungane na Somalia) vya miaka ya 1960, vilivyowahamisha Wabajuni wengi, Waswahili wa visiwa na pwani ya kaskazini mwa Lamu, makwao, maradhi yake, jinsi alivyoyangojea mauti. Je, yachapishwe?

Wanaokataa wana hoja nzito. Maiti hutajwa kwa wema, na siri ya ugonjwa ni sitara ya nyumba nzima. Tena mtu huandika usiku akiwa na homa au hasira, maneno ambayo asubuhi angeyafuta.

Lakini maradhi ya mwenye madaraka si yake peke yake. François Mitterrand aligunduliwa saratani mwaka 1981, miezi michache baada ya kuchaguliwa rais wa Ufaransa, na kwa miaka umma ukapewa taarifa za afya zilizoificha. Alifariki Januari 1996. Siku chache baadaye daktari wake, Claude Gubler, akatoa kitabu, mahakama ikakizuia. Mwaka 2004 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba kukizuia kwa muda, msiba ukiwa mbichi, kulifaa; kukipiga marufuku moja kwa moja hakukufaa.

Kipimo hicho cha muda kinanikaa vizuri kuliko ubishi wa ndiyo na la. Maradhi ya wakati wa madaraka yatolewe matanga yakishapita. Ya kitandani baada ya kustaafu ni ya wanawe. Ya vita yasicheleweshwe, kwani mashahidi wanapungua na madai ya ardhi bado yapo. Hatari iko kwa waliotajwa kuwa wapashaji habari za siri vitani: wajukuu wao wako Faza na Kiunga. Kuficha jina pekee hakusaidii. Taja kijiji, lakabu na jina la jahazi, kila mtu atamjua.

Mzee aliye hai anaweza kupunguza ugomvi: aandike wasia mbele ya mashahidi wawili, aseme nani ashike daftari, lipi lifungwe na kwa miaka mingapi. Asipofanya hivyo, haki ya kunakili, ambayo kwa sheria ya Kenya hudumu miaka 50 baada ya kifo, huwaangukia warithi, na mmoja wao akimpa mchapishaji bila ridhaa ya wenzake, kesi imeanza.

Sanduku lisigusane na ukuta wa mawe na chokaa, maana hunyonya unyevu. Mfuko wa plastiki uliofungwa hufuga kuvu, na gundi ya karatasi huacha doa lisilotoka. Kurasa zitiwe namba kwa penseli na kupigwa picha, majalada pia, kabla ya yeyote kuanza kuchagua.

Penye makosa mengi ni tarehe. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mwaka wa vita hauhamishwi kwa kukisia. Zaidi ya hapo, siku huanza magharibi: "usiku wa Ijumaa" kwa mzee ni Alhamisi usiku kwa msomaji wa kalenda ya ofisi. Mhariri asiyejua hilo atamweka mtu kwenye mkutano au shambulio siku ambayo hakuwapo, na kwa mambo ya Mashifta hiyo ni tuhuma. Kila ingizo lichapwe kama lilivyoandikwa, tarehe ya pili iwekwe pembeni, na usiku utajwe kuwa ni wa kuamkia siku gani.