Ekari Yangu Haijalala, Imesimama

Hivi nani aliwaambia Wamarekani kwamba nyumba bila majani haijakamilika? Namtafuta mtu huyo, nina mazungumzo naye.

Nimenunua nyumba Pennsylvania, upande wa magharibi, si mbali na Pittsburgh. Dalali alipokuwa ananitembeza alisifia mandhari mpaka mate yakamkauka. Sasa ndugu zangu, dalali akisifia mandhari ujue kuna mlima, na ujue yeye hataupanda. Sikubisha, maana mimi ni mtoto wa Lushoto, milima hainitishi. Kwetu nimelima mashamba ambayo ukidondosha kiazi kinaokotwa na kijiji cha chini, na hawarudishi. Lakini mlima wa kwetu unakulipa. Unapanda kabichi, unapanda maharage, kwenye kingo za matuta unaotesha majani ya ng'ombe. Majani yakirefuka unamshukuru Mungu. Huku yakirefuka manispaa inakuandikia barua.

Barua ya kweli, yenye muhuri. Inasema majani yasizidi inchi 10, na yakizidi kuna faini. Nikamweleza mama kwenye simu kwamba natafuta trekta la kukatia majani. Mama akafurahi sana, akauliza nina ng'ombe wangapi.

"Sina ng'ombe, mama."

"Mbuzi?"

"Sina."

"Sasa majani ni ya nani?"

"Si ya mtu, mama. Yanakatwa tu, yanaachwa palepale."

Kimya kikapita. Halafu akaomba aongee na mke wangu.

Basi nikaenda dukani. Matrekta yamepangwa mstari, mekundu, ya kijani, ya njano, yanang'aa, na yote yameegeshwa kwenye sakafu iliyonyooka kuliko meza. Kijana muuzaji akanikimbilia. "Bwana, una ekari ngapi?" Nikamwambia moja. "Basi hili hapa, injini ya nguvu za farasi 22, deki ya inchi 46, hutajuta." Deki ni ile sahani pana ya chini yenye visu vya kukatia. Kijana hakuuliza kama ekari yenyewe imelala au imesimama. Yangu imesimama! Mbele ya nyumba imeegemea kidogo, nyuma ya nyumba imesimama wima inanitazama.

Nilikuwa nimeshaipima. Huna haja ya chombo cha ajabu, chukua ubao wa mita moja na pima maji ya fundi ujenzi. Ncha moja ya ubao iguse mlima, ulaze ubao mpaka kiputo kikae katikati, halafu kwenye ncha ya pili pima kwenda chini mpaka kwenye majani. Ukipata sentimita 27, hizo ni kama nyuzi 15. Mimi nyuma ya nyumba nilipata 40, yaani asilimia 40, kama nyuzi 22. Pittsburgh kuna barabara inaitwa Canton Avenue, ipo mtaa wa Beechview, inatajwa kati ya barabara zenye mwinuko mkali kuliko zote Marekani, asilimia 37. Watu wanasafiri kwenda kuipiga picha. Bustani yangu ni asilimia 40 na hakuna aliyekuja hata na simu.

Nikamwambia kijana anipe kitabu cha maelekezo. Akashangaa, nadhani mimi ndiye mteja wa kwanza kukiomba kabla ya kulipa. Na vitabu vya haya matrekta vinaimba wimbo mmoja: usikate kwenye mteremko unaozidi nyuzi 15. Vingine vinasema 10. Panda na kushuka, usikate kwa kukingama. Usigeuzie kwenye mteremko. Usikate majani yakiwa na umande. Halafu kuna sentensi moja niliyoipenda, imeandikwa na mtu mwenye huruma: kama mteremko huwezi kuupanda kwa rivasi, au kama una wasiwasi nao, usiukate. Mimi wasiwasi ulinianza nilipoona bei.

Ila huyu kijana na farasi wake 22, ngoja niseme, maana hapa ndipo watu tunapoumizwa. Kila duka linakutajia farasi. Farasi wamechorwa kwenye boneti, wameandikwa kwenye kibao, bado kidogo walie. Lakini farasi wako kwenye injini, na injini si ndiyo inayopanda mlima. Anayepanda ni giaboksi, na giaboksi iko chini ya makalio yako, haionekani, wala hakuna anayeichora popote. Mengi ya haya matrekta ya bei nafuu yana giaboksi ya haidroli. Hakuna klachi, unakanyaga pedeli tu, pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, mota inazungusha tairi. Kwenye tambarare ni starehe, hata bibi harusi anaendesha. Mpeleke mlimani sasa. Oili inapata moto, ikipata moto inakuwa nyepesi, ikiwa nyepesi inavuja pembeni kule ndani badala ya kusukuma. Asubuhi trekta linapanda linatabasamu. Baada ya muda linafika katikati ya mlima linakata tamaa, injini inanguruma kwa juu, tairi zimesinzia. Na farasi wote 22 wapo, wanakodoa macho tu. Kushuka nako vilevile, maana anayekushikilia usiporomoke ni huyohuyo mwenye oili iliyochemka. Nyingi zimefungwa kiwandani kabisa, oili haikukusudiwa kubadilishwa. Nilipomuuliza kijana trekta hili lina giaboksi gani, akaenda nyuma kuuliza. Hakurudi. Akaja mwingine akaniuliza kama nimehudumiwa.

Huyu wa pili alikuwa mtu mzima, kidogo anajua. Akanipeleka kwa matrekta manene ya pembeni, yenye giaboksi nzito na difu inayofungwa kwa pedeli. Hii ya difu naielewa, nimepanda sana magari ya Lushoto kipindi cha masika. Tairi moja ikikosa mshiko inazunguka bure, mwenzake amekaa anaangalia. Ukifunga difu zote mbili zinalazimishwa kufanya kazi, hakuna wa kutega. Tena akanionya niangalie injini iwe na pampu ya oili, kwa sababu zile ndogo zinarusha oili kwa kijiko humo ndani, na ukiinama sana oili inakimbilia upande mmoja. Mzee huyu nilimpenda. Kisha akanitajia bei, mapenzi yakaisha. Lile la farasi 22 lilikuwa dola 2,000 na kitu. Hili lenye difu, zidisha mara tatu. Na lenye tairi nne zote zinazovuta, dogo kabisa, lilipita dola 10,000. Mke wangu akasema pole pole, kwa ile sauti ya kuombea chakula, "Hiyo ni gari."

Kuna kitu kingine kilinishangaza. Lile kubwa lina mhimili wa chuma nyuma ya kiti, likipinduka chuma kinabeba uzito, nawe umefunga mkanda. Vizuri sana. (Ukikilaza hicho chuma ili upite chini ya miti, usifunge mkanda, maana utabaki umefungwa chini ya trekta.) Yale ya bei ya watu kama sisi hayana chuma, hayana mkanda. Yana pa kuwekea kikombe cha kahawa. Yote! Mtu alikaa ofisini akawaza: huyu bwana anakwenda kubiringika, asikose kinywaji.

Jirani naye ana ushauri, jirani wa kizungu mwenye bustani iliyolala tuli. Kwanza akaniambia ninunue zile mashine zisizo na usukani, za wenzo mbili, zinazogeuka papo hapo. Zile vigurudumu vya mbele vinajizungukia vyenyewe kama vya toroli la supamaketi, unaongozwa na tairi za nyuma peke yake. Tairi za nyuma zikiteleza, uongozaji nao umeondoka, umebaki abiria. Nikamkatalia. Akasema basi ongeza uzito kwenye tairi za nyuma. Weka maji? Hapana, huku baridi, yataganda. Weka chumvi ya kalsiamu? Hapana, inakula ringi. Akaniinamia sikioni akaniambia, weka juisi ya bitiruti. Nikadhani ananitania. Kumbe ni kweli, wakulima wanajaza tairi kwa maji ya bitiruti za sukari, mazito, hayagandi kirahisi, hayali chuma. Wanangu juisi wanaipata kwa siku maalumu, halafu tairi linywe mpaka lishibe!

Mimi nikimkasirikia mtu natafuta asili yake. Aliyebuni mashine ya kukatia majani ni Mwingereza, Edwin Budding, mwaka 1830. Alitazama mashine za viwanda vya nguo, zile zinazopunguza manyoya ya kitambaa, akasema hii itafaa kwenye bustani. Na alikuwa anaishi wapi? Stroud. Stroud yenyewe ni mabonde na milima mitupu! Mtu amezungukwa na vilima asubuhi mpaka jioni, na hakuacha hata karatasi moja ya kutuelekeza sisi wa mtelemko.

Pittsburgh, kwa kweli, kuna watu wanaopeleka mbuzi milimani kula vichaka, na punda wa kuwalinda. Mwenye mbuzi analipwa. Nirudie, maana mama nilimrudishia hii mara kadhaa na bado hajaamini: mbuzi wake wanakula, wanashiba, na bado yeye ndiye anayelipwa. Mama amesema nikiwa na akili nirudi Lushoto nichukue mbuzi. Lakini barua ya manispaa inahusu majani ya bustani, na mbuzi kwenye bustani angemaliza na maua ya mke wangu, halafu ningehitaji barua nyingine, ya mahakama.

Mwisho nikaamua hivi, na atakayebisha aje apande mwenyewe. Kule nyuma kwenye nyuzi 22 hakuna trekta litakalopanda. Tunaotesha vichaka vifupi vya kushika udongo, mke wangu kachagua vyenye maua, na majani yasipokuwepo hakuna barua. Huku mbele ni nyuzi 10, kona moja 12. Nikatafuta trekta lililotumika, lenye difu ya kufunga, tairi za meno badala ya zile laini za kupendezesha, na deki ya inchi 42 isiyo pana sana, maana deki pana kwenye vinundu inanyoa mpaka kwenye udongo. Tairi limekwishakunywa bitiruti, mwenye nalo alilinywesha mwenyewe. Bei nikapatana, ingawa huku watu wanajifanya hawapatani.

Jana likaletwa. Dereva wa lori akasimama chini barabarani, akaitazama njia ya kupanda kwangu, akashuka, akaitazama tena. Nikamwambia panda tu, kaka. Akasema kampuni yao hairuhusu kupanda njia ya namna hii. Akaliteremsha trekta palepale pembeni ya barabara, nikasaini, akaondoka zake.

Limekaa pale mpaka jioni. Majirani wanapita na mbwa zao wanalisifia. Mke wangu katoka barazani na kikombe cha chai mkononi, kalitazama huko chini, kanitazama mimi.

"Kikombe chake cha kahawa kinakaa wapi?"

"Halina."

"Basi hilo ni la kazi," akasema. "Nenda ukalipandishe, mimi naangalia kutokea hapa."