Prado iliyotumika: ya petroli au ya dizeli?

Mtu anayetafuta gari la kwenda nalo shambani Handeni au Kilombero, kama Toyota Prado, akiwauliza mafundi wa Dar es Salaam, ataambiwa achukue dizeli kwa sababu "dizeli haifi". Kauli hiyo ina asili yake, nayo ni injini ya 1HZ ya Land Cruiser hardtop: silinda 6, lita 4.2, haina tabo (feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) wala kompyuta ya kuongoza mafuta, na fundi wa wilayani huifungua na kuifunga kwa spana zake za kila siku. Sifa ya injini hiyo sasa inauzia Prado zenye 1KD, dizeli ya lita 3.0 yenye tabo na nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta, zinazoongozwa kwa umeme, ambayo ni injini ya namna nyingine kabisa.

Dizeli ina haki yake, tena kubwa. Prado hukaribia tani mbili kabla hujapakia chochote. Nguvu ya kuvuta ya 1KD huzidi nyutoni-mita 300, na huipata injini ikiwa bado inazunguka polepole, ilhali petroli ya lita 2.7, yaani 2TR, ina kama 240 na huzifikia mzunguko ukikaribia 4,000 kwa dakika. Kwenye tope la masika tofauti hiyo huonekana kwa macho, kwa sababu dizeli ikiwekwa gia nzito hutambaa na tairi likashika, lakini mwenye petroli hulazimika kukanyaga mafuta, na akizidisha kidogo tu tairi huzunguka na kujichimbia shimo. Milimani, kama kule Njombe, petroli isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kadiri hewa inavyokuwa nyepesi. Hata madumu ya akiba ni salama zaidi yakiwa ya dizeli, ambayo haishiki moto upesi kama mvuke wa petroli.

Kisha kuna matumizi ya mafuta. Tuchukulie kuwa petroli inakwenda kilomita 7 kwa lita na dizeli 10, makadirio ya kawaida kwa gari zima lenye mzigo. Kwa tangi la lita 87, ya kwanza itaishiwa baada ya kilomita 600 hivi, na ya pili inaweza kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya bila kujaza njiani. Anayetembea kilomita 15,000 kwa mwaka ataokoa takriban lita 640 akiwa na dizeli, na hizo ni fedha nyingi. Hata hivyo, nozeli nne mpya halisi zinaweza kumeza akiba ya zaidi ya mwaka mmoja, na nozeli ndizo udhaifu wa injini hii.

Chini ya kila nozeli ya 1KD kuna washa ndogo ya shaba, yaani pete ya kuzibia, ambayo ikichoka huruhusu moto wa silinda kupenya juu na kuingiza masizi kwenye oili. Masizi huganda, yakaziba chujio lililoko ndani ya sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, tabo ikakosa oili na hatimaye injini nzima ikanoki, yaani ikafa, pengine kwa sababu ya kitu ambacho kingebadilishwa mapema kwa gharama ndogo. Ubaya wake ni kwamba gari huendelea kwenda vizuri muda wote huo. Petroli ikiharibika koili au plagi hutetemeka, hulalamika, lakini mara nyingi hukufikisha nyumbani kwa silinda tatu kati ya nne.

Mafuta yenyewe nayo yana hadithi. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli, kwa hiyo ikichakachuliwa kwa mafuta ya taa vyuma husagana. Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kukomesha mchezo huo. Nimewahi kumwona fundi akimimina dizeli ya filta kwenye chupa tupu na kuiacha itulie. Maji yalijitenga chini, upana wa kidole. Zaidi ya hayo, siku hizi petroli hupatikana hata vijiji visivyo na kituo, ikiuzwa kwa chupa kwa ajili ya bodaboda.

Mnunuzi akumbuke pia kwamba Prado za dizeli ziliacha kuuzwa Japani mwaka 2007, zikarudi mwaka 2015 na injini ya 1GD yenye kichujio cha masizi, ambacho huziba haraka kwa safari fupi za mjini. Prado ya dizeli ya kati ya miaka hiyo imetoka kwingine, mara nyingi Uingereza, ambako chumvi ya barabarani hula chesisi.

Kwa maoni yangu, mkazi wa mjini anayekwenda shamba mara moja kwa mwezi achukue 2TR, avumilie kiu yake. Anayebeba mzigo kila wiki kwenye njia mbaya, na ana fundi wa nozeli anayemwamini, achukue dizeli, lakini amwambie muuzaji asiliwashe gari kabla hajafika. Afike alfajiri, aguse injini kwa mkono ahakikishe ni ya baridi, aiwashe, kisha afungue kifuniko cha oili ikiwa inanguruma. Moshi ukipuliza kwa nguvu pale, arudishe ufunguo.