Ufa wa lami usisingiziwe Bonde la Ufa

Masika yalipokatika, ufa ulijitokeza kwenye lami ya mtaa wetu huku Buhongwa, urefu wa hatua thelathini hivi. Hadi jioni habari ilikuwa imeshafika sokoni: Bonde la Ufa limeifikia Mwanza. Mama mmoja anayeuza dagaa akaniuliza, "Mwalimu, tuhame?" Nafundisha jiografia, kwa hiyo maswali ya ardhi hapa mtaani huletwa kwangu. Nikamwomba twende tukautazame pamoja.

Nilianza kumwonyesha vilivyo kando ya ufa. Mpasuko wa miamba unaosogea hauchagui lami peke yake. Ukikatiza barabara, utakatiza na ukingo wa zege, mtaro, uzio na ukuta wa jirani, vyote kwenye mstari mmoja, na vyote utavisogeza upande uleule. Mjini Hayward, California, kulikuwa na ukingo wa barabara ambao wanajiolojia waliupiga picha kwa miongo kadhaa. Vipande vyake viliachana polepole, milimita chache kwa mwaka, bila tetemeko kubwa, kwa kuwa ardhi ya pale hutambaa. Mwaka 2016 manispaa ikaujenga upya, na kumbukumbu ile ikapotea. Juu ya lami, mwendo wa namna hiyo huacha nyufa fupi za mshazari, zimefuatana kama vidato vya ngazi. Ukiziba kiraka, zinarudi palepale.

Wetu uliambaa na ukingo wa barabara, wala haukuikata. Zege lilikuwa limenyooka, ukuta wa duka mzima. Ila mtaro wa upande ule umejaa mchanga na chupa za plastiki hadi mdomoni, na maji husimama hapo siku nzima. Mtaa wetu uko bondeni, juu ya udongo mweusi wa mbuga. Mkulima yeyote wa Usukumani anaujua: ukinywa maji huvimba, ukikauka husinyaa na kupasuka hadi mkono unazama. Lami ikilazwa juu yake bila kuuondoa wala kuukinga na maji, itapasuka tu. Mbele kidogo, malori yanapokatia kona, lami imevunjikavunjika kama magamba ya mamba. Huo ni uzito juu ya tabaka lililolegea.

Jiji letu limekaa juu ya miamba ya kale mno, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, na Bonde la Ufa limeizunguka: mkono wa magharibi umepita Tanganyika, wa mashariki umepita Natron na Manyara. Hilo halituondolei matetemeko. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, ndugu zetu wa Bukoba, ng'ambo ya ziwa, walipigwa na tetemeko la ukubwa wa 5.9, watu walikufa na nyumba nyingi zikaanguka. Lakini chanzo chake kilikuwa takribani kilomita 40 chini. Tetemeko la kiasi kile, kwa kina kile, kwa kawaida halipasui ardhi ya juu. Anayengoja onyo kutoka kwenye lami atangoja bure. Afadhali akague nguzo na lenta za nyumba yake.

Ndiyo maana uvumi huu unaniuma. Machi 2018, barabara ya Mai Mahiu hadi Narok, Kenya, ilipokatwa na bonge la ufa, dunia ilitangaziwa kwamba Afrika inagawanyika. Wanajiolojia wengi wakaeleza kuwa mvua kubwa ilikuwa imesomba udongo laini wa majivu ya volkano. Kila tunapoisingizia miamba, mtaro ulioziba unasamehewa, na aliyelaza lami juu ya mbuga haulizwi kitu.

Mwezi Juni nilichora mstari wa rangi nyeupe unaoukata ufa, nikapigilia misumari miwili, mmoja kila upande. Yule mama hunishikia futikamba tunapopima. Miezi mitatu sasa, ufa umepanuka milimita 4 kadiri jua linavyoukausha udongo, na mstari haujahama kwenda kushoto wala kulia. Vuli inakaribia. Jumamosi hii saa moja asubuhi tunazibua mtaro. Mwenye koleo aje nalo.