Asilimia Sita ya Nini?

Kadi za mkopo za Marekani zinazomrudishia mteja pesa hutangazwa kwa asilimia. Blue Cash Preferred ya American Express hurudisha 6% ya unachonunua supamaketi. Double Cash ya Citi hurudisha 2% kwa kila kitu: 1% unaponunua, 1% unapolipa deni. Jicho linakimbilia sita. Ila kadi hiyo ina ada ya dola 95 kwa mwaka, na sita yenyewe inakoma ukishanunua vya dola 6,000 ndani ya mwaka. Baada ya hapo ni 1%.

Wanaosema piga hesabu kwanza wana hoja. Kwenye chakula kadi hizi zinapishana kwa 4%, kwa hiyo ada inajilipa ukifikisha manunuzi ya dola 2,375, yaani chini kidogo ya 200 kwa mwezi. Familia inayonunua chakula cha dola 500 kwa mwezi inarudishiwa 360 kwa mwaka kwa kadi ya 6%. Toa ada, inabaki 265. Kwa kadi ya 2% ingepata 120. Dola 145 si za kuchezea.

Sasa tazama risiti. "Supamaketi" hapa ni ile inayotambuliwa na kampuni ya kadi, si mpishi. Walmart, duka kubwa linalouza kila kitu, haimo. Costco ya Marekani, duka la kununua kwa wingi, haipokei kabisa kadi ya American Express, maana tangu 2016 kadi za mkopo inazopokea ni za Visa tu. Bucha la halali na duka la Waafrika unakopata dagaa na unga wa dona, inategemea limesajiliwa kama biashara ya aina gani, na mengine yanakuongezea makato ukilipa kwa kadi. Makato yakiwa 3%, hiyo 2% yako ni hasara. Basi chukua familia ile ile, nusu ya chakula chake kitoke Walmart: 180 kujumlisha 30 za ile 1% ya Walmart, toa 95, inabaki 115. Kadi ya 2% imeshinda kwa dola 5! Asilimia ni zile zile. Kilichohama ni toroli.

Ndiyo maana siamini makadirio ya kichwani. Muulize mtu anatumia kiasi gani kwa chakula, atakutajia bajeti anayoitamani. Bora uchukue taarifa za benki za miezi 12 iliyopita, duka kwa duka. Inachosha, nakubali.

Upande wa pili wanasema hesabu zote hizi ni chambo, na hawajakosea sana. Riba ya kadi nyingi siku hizi imepita 20%. Deni la dola 1,000 likilala mwaka mzima kwa 22% linakula kama dola 220, karibu yote ambayo kadi ya 2% ingekurudishia kwa matumizi ya dola 12,000. Tena ukibakiza deni, kwa kawaida unapoteza ile nafuu ya siku kadhaa bila riba, hata kwa manunuzi mapya.

Kwa sisi tunaotuma pesa nyumbani kuna shimo jingine. Ukituma kwa kadi ya mkopo kupitia programu ya simu, benki nyingi hulihesabu kama umetoa taslimu: ada juu, riba tangu siku hiyo hiyo, na marejesho sifuri. Kodi ya nyumba nayo, mara nyingi kuilipa kwa kadi kuna makato yanayozidi hiyo 2%. Mshahara ukishagawanywa hivyo, kinachobaki cha kupitishia kwenye kadi ni kidogo kuliko ulivyodhani.

Hata hivyo, kwa anayelipa deni lote kila mwezi bila kukosa, kuitupa kadi kwa kuogopa riba ni kuacha pesa mezani. Huyo akikokotoa vizuri, anapata. Mimi niko kwenye 2%, kwa kuwa nyama naichukua buchani na mchele naununua gunia zima kwa bei ya jumla. Mwaka ambao supamaketi itafunguliwa mtaani kwetu, nitazitoa tena zile risiti.