Goti si kipimo, mpwa wangu

Jumapili nilirudi kutoka Brands Hatch, uwanja wa mbio huku Kent, Uingereza, mwili mzima unauma, nikatuma picha moja tu kwenye kundi la familia. Picha nzuri: suti ya ngozi imenibana kitambi, pikipiki imelala kulia pale kwenye kona ya Druids. Dakika mbili hazijapita, mpwa wangu aliyeko Dar kajibu: "Anko, mbona goti halijagusa lami? Sasa ulienda kufanya nini huko?" Akamalizia na vikatuni vinne vinavyocheka hadi machozi. Maana kwa wapenda mbio, kulaza pikipiki konani mpaka goti liguse lami ndiyo sifa yenyewe.

Siku tatu nimekaa na jibu hilo. Si kwamba nimekasirika. Haya, nimekasirika.

Maana asubuhi ya siku hiyohiyo, kule tunakoegesha pikipiki, jamaa mmoja mwenye suti iliyochubuka magoti alikuwa anawahubiria vijana wa kundi la wanaoanza: liamini tairi, lina mshiko kuliko unavyodhani, wewe laza tu. Kijana mmoja akaamini. Zamu ya kwanza, mzunguko wa pili, kona ya Graham Hill, chini yeye na pikipiki yake. Hakuumia, alhamdulillahi, lakini siku nzima alishinda amekaa kwenye kiti cha kukunja akitazama kifuniko cha injini kilichotoboka.

Aliyewahi kuzunguka pale anajua kwa nini ni kona ile. Ukishamaliza kona ya Surtees, ambayo ni ya kushoto, kilichobaki ni kulia, kulia, kulia: unarudi mstari wa kuanzia, unashuka Paddock Hill, unapanda Druids. Muda wote huo upande wa kushoto wa tairi unapigwa upepo tu. Halafu Graham Hill inakata kushoto, na ghafla unaulalia. Asubuhi ya baridi ya Kent, tairi aliloambiwa aliamini lilikuwa na joto upande mmoja tu, na imani yake haikuupasha ule mwingine.

Mshiko hauaminiwi, jamani. Unaulizwa, kidogokidogo, nao unajibu. Shida ni kwamba wengi wetu hatusikii jibu kwa sababu tumeng'ang'ania usukani kama abiria wa daladala aliyekosa siti. Mikono ikikaza, kila kinachosemwa na tairi la mbele kinaishia mabegani. Mimi jambo hili nililisoma miaka miwili kabla mwili wangu haujalielewa. Paddock Hill ndiyo iliyonifundisha, ile kona unayoiingia bila kuona inakokwenda, kisha ardhi inakutoka chini ya tumbo kama ngalawa inaposhuka wimbi. Kila mzunguko nilikuwa naingia nimebana pumzi. Mwalimu wangu, mama mmoja wa makamo asiye na maneno mengi, akanifuata nyuma mizunguko mitatu, kisha akaniambia neno moja: imba.

Nikaimba. Ndani ya kofia ngumu (elementi, kama mnavyoiita kijiweni) mtu mzima naimba taarabu kwa sauti. Na huwezi kuimba huku umekaza mabega, jaribu uone. Viwiko vikalegea, mapaja yakabana tenki, na kwa mara ya kwanza nikagundua kilichokuwa kinanitisha miezi yote ile. Haikuwa kona. Nilikuwa naiachia breki ya mbele kwa mkupuo, kama mtu aliyeshika kaa la moto. Shokapu zinaruka juu, uzito unalihama tairi la mbele, na mimi nachagua sekunde hiyohiyo kulaza pikipiki. Ikawa inayumba, nami nasema lami mbaya! Nilipoanza kuiachia breki taratibu, kidole kikilegea kadiri pikipiki inavyolala, tairi likabaki limekanyagwa na mtetemo mdogo ukaanza kunifikia viganjani. Huo mtetemo ndio mazungumzo yenyewe. Siku hiyo mwendo wangu haukuongezeka hata kidogo, na sijawahi kufurahi vile.

Na hayo mazungumzo hayaanzi kwenye kilomita 160 kwa saa. Kenny Roberts alikulia kwenye mbio za udongo za Marekani, nyuma inateleza kila kona, kabla hajaenda kutwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 500 mara tatu mfululizo, 1978 hadi 1980. Casey Stoner, bingwa mwingine wa dunia, naye alianzia kwenye udongo huko Australia. Valentino Rossi, na mataji yake yote, akajijengea uwanja wa vumbi karibu na kwao Tavullia, Italia, na huko ndiko amewanoa vijana kama Francesco Bagnaia, bingwa wa dunia wa 2022 na 2023. Wanafuata nini vumbini? Wanafuata mahali tairi linapoteleza mapema na polepole, likakupa nafasi ya kulizoea.

Sasa niambie, nani analijua hilo kuliko dereva wa bodaboda anayepanda kilima cha tope na abiria wawili na gunia la mkaa, tairi la nyuma limebaki kipara? Makalio yakimwambia nyuma inakwenda, anapunguza mafuta kidogo tu. Hayafungi ghafla, maana anajua tairi likishika tena kwa ghafla litamrusha. Huku watu wanalipa mamia ya pauni kufundishwa jambo hilo hilo kwa michoro ubaoni. Simaanishi bodaboda wote ni mabingwa. Wengine wanatuua, tusidanganyane.

Haya, goti. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ni rula: linakwambia umelala kiasi gani. Lakini mwenye miguu mirefu analigusisha mapema, na kwa kipimo hicho twiga angekuwa bingwa wa dunia. Isitoshe, aliyening'inia vizuri upande wa ndani, pikipiki yake hulala kidogo kuliko ya aliyekaa wima kama mgeni rasmi, na mwendo ni uleule. Kona ya nusu kipenyo cha mita 30, kwa kilomita 62 kwa saa, tayari inakudai ulale nyuzi 45. Mwenye akili anatafuta namna ya kulipa pungufu, si kuzidisha ili picha ipendeze.

Vifaa vya kisasa vya kuzuia tairi lisiteleze? Vinasaidia, sana. Upepo wa tairi? Pima, kisha pima tena likipata joto.

Desemba narudi nyumbani. Nimemwambia mpwa wangu anitafutie Boxer ya kukodi na kiwanja cha wazi Kigamboni, siku mvua imenyesha. Tutasimamisha ndoo mbili, tuzizunguke kwa gia ya pili mpaka nyuma ianze kunong'ona. Atakayeanguka mara nyingi analipa chipsi mayai. Amekubali. Ameuliza tu kama nitakuja na ile suti.